Sauti Iwe ya Mwisho: Ushauri kwa Anayetaka Nyumba Janja Kariakoo

Maduka ya simu na vifaa vya umeme ya Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Aggrey hadi Msimbazi, sasa yamejaa balbu zinazobadili rangi kwa simu, soketi zenye Wi-Fi, swichi za kugusa, kamera zinazozunguka, na spika ndogo zinazosubiri kuitwa jina. Wanunuzi wengi huanza na spika, kwa kuwa ndiyo inayosisimua: unasema neno, taa inawaka. Makala haya yanashauri kinyume chake. Kwa nyumba ya katikati ya Dar es Salaam, iwe chumba na sebule cha kupanga Ilala au fleti ya ghorofa ya sita juu ya maduka ya Kariakoo, spika ndiyo iwe ya mwisho kununuliwa. Kabla yake zitangulie nyaya zilizokaguliwa, kinga ya umeme, mtandao wa ndani ulio imara, na swichi ambazo bado zinaitika kwa kidole. Anayeanza na sauti anaikabidhi nyumba yake kwa mambo asiyoweza kuyaamua: mkongo wa baharini, seva ya ng'ambo, bando la mwezi, na lugha ambayo nusu ya wakazi wa nyumba hiyo hawaizungumzi.

Tazama jinsi amri moja ya sauti inavyosafiri. Unapoiambia spika iwashe taa ya sebuleni, kwa kawaida spika yenyewe hutambua jina lake tu. Maneno yanayofuata hurekodiwa, hupita kwenye ruta, hutoka nje ya nchi, hufika kwenye seva za kampuni iliyotengeneza spika na kufasiriwa huko. Kisha amri hupelekwa kwenye seva za kampuni nyingine, ile iliyotengeneza balbu, ndipo irudi Kariakoo kuwasha taa iliyo hatua tatu kutoka ulipokaa. Mambo yakiwa sawa safari hiyo huchukua sekunde moja au mbili, na kwa sababu hiyo hakuna anayeifikiria. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikarudi baada ya siku kadhaa. Siku tisa kabla ya hapo, tarehe 20 Oktoba, tatizo lilikuwa upande wa pili wa bahari: vituo vya Amazon vilivyoko Virginia, Marekani, vilipata hitilafu, na watu wenye spika za Alexa katika nchi nyingi wakaita bila kujibiwa. Katika matukio yote matatu, taa yenye swichi ya kawaida ya ukutani iliendelea kuwaka ilimradi umeme upo.

Kuna hatari nyingine isiyotangazwa dukani, nayo ni kampuni yenyewe kutoweka. Aprili 2022 kampuni ya Marekani iitwayo Insteon, iliyokuwa imeuza swichi na vidhibiti vya nyumbani kwa miaka mingi, ilizima seva zake bila kuwaarifu wateja. Watu waliamka na kukuta ratiba na programu ya simu walivyovilipia havifanyi kazi. Ikiwa jambo hilo linawapata wateja walio karibu na kampuni, wanaoweza kulalamika na hata kushtaki, mnunuzi wa Kariakoo aliyenunua kifaa kisicho na jina linalojulikana, kilicholetwa kwenye kontena la bidhaa mchanganyiko kutoka Guangzhou, ana pa kwenda padogo zaidi.

Mtu anaweza kujibu kwamba mikongo haikatiki kila siku, na kwamba hata umeme sasa umetengemaa. Kuhusu umeme, hoja hiyo ina uzito. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mapema 2024, na upungufu wa uzalishaji ulioleta mgao wa mwishoni mwa 2023 hauko tena kama ulivyokuwa. Lakini kuzalisha ni jambo moja na kufikisha umeme nyumbani ni jingine. Aprili 2024, bwawa likiwa limeshaanza kazi, hitilafu kwenye gridi ya taifa ilizima umeme sehemu kubwa ya nchi. Na katika mitaa ambako nyumba ya vyumba sita imevunjwa na mahali pake pakainuka ghorofa lenye viyoyozi vingi, transfoma na nyaya za mtaa hubeba mzigo ambao haukufikiriwa zilipofungwa. Kuhusu intaneti, hata tukiisahau mikongo, bando kwisha si tukio la nadra. Mtu aliyezoea kuongeza bando pale anapopata fedha atakuwa na nyumba isiyosikia katika siku zile zile ambazo mambo mengine nayo hayamwendei vizuri.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji lisiwe kama kifaa kinaelewa sauti. Muulize: bila intaneti, kifaa hiki kinafanya nini? Jibu linaweza kupimwa palepale kwa simu mbili. Simu moja iwe hotspoti, nyingine iwe na programu ya kifaa, na simu hiyo ya pili pamoja na kifaa viunganishwe na hotspoti hiyo. Kikishawaka na kuzimika vizuri, zima data kwenye simu ya kwanza lakini iache hotspoti ikiendelea. Kifaa kikiendelea kuitika, kinaweza kuamriwa ndani ya nyumba bila kutoka nje ya nchi. Kikigoma, umejua kwamba unachonunua kinahitaji ruhusa ya seva kila unapotaka kuwasha taa. Jaribio hilo ni la dakika chache na lina thamani kuliko maandishi yote ya kwenye boksi. Vifaa vyenye alama ya Matter, kiwango kilichozinduliwa Oktoba 2022 na makampuni makubwa kwa pamoja, vimeundwa viweze kuamriwa ndani ya mtandao wa nyumbani. Vifaa vya Zigbee navyo huwasiliana vyenyewe kwa vyenyewe kwa redio ndogo bila kutumia Wi-Fi, ingawa huhitaji kituo kimoja cha kuviunganisha, nawe uhakikishe kituo hicho hakitegemei intaneti. Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi ipo Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa 2013 na Paulus Schoutsen, ambayo hukaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya nyumba na kusimamia vifaa vya makampuni mbalimbali bila kumtegemea mtu wa nje. Inadai subira na mtu anayeelewa kompyuta. Si ya kila mtu, na asiyeiweza anaweza kupata nyumba nzuri bila hiyo, mradi alifanya lile jaribio la simu mbili.

Tukija kwenye nyaya, hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ufungaji wa umeme ulioenea kwetu ulifuata desturi ya Kiingereza: katika nyumba nyingi, waya wa nyutro huenda moja kwa moja kwenye taa darini, na kwenye kisanduku cha swichi ukutani hushuka waya wa moto na ule unaorudi kwenye taa tu. Swichi janja nyingi zinahitaji nyutro ili kompyuta ndogo iliyo ndani yake ipate umeme hata taa ikiwa imezimwa. Mtu hununua swichi nane za kioo, fundi anafungua ukuta, nyutro haipo. Zipo swichi zinazofanya kazi bila nyutro, lakini hupitisha umeme kidogo kwenye taa wakati wote, na balbu za LED za wati chache huweza kumetameta usiku kucha. Njia iliyo bora kwa nyumba nyingi za mjini ni rilei ndogo inayofungwa darini pale penye taa, ambako nyutro tayari ipo, huku swichi ya zamani ya ukutani ikiunganishwa nayo. Kwa njia hiyo ukuta haubomolewi, swichi aliyoizoea bibi inabaki mahali pake, na taa inaitika kwa kidole, kwa simu, kwa ratiba, na baadaye kwa sauti ukipenda. Usikubali fundi azibe pengo kwa kutumia waya wa ethi kama nyutro. Jambo hilo hufanyika, na linaweza kuua.

Kwa sababu hiyo hiyo nashauri watu wasiweke fedha nyingi kwenye balbu janja. Balbu janja inahitaji umeme wakati wote ili isikie. Nyumba zetu zina wakazi wengi: watoto, dada wa kazi, shangazi aliyekuja kutibiwa Muhimbili, mgeni wa usiku mmoja. Mmoja wao atazima swichi ya ukutani, kwa kuwa ndivyo taa inavyozimwa tangu azaliwe, na balbu iliyolipiwa mara nyingi ya bei ya balbu ya kawaida itakuwa imekufa mpaka mtu aiwashe tena ukutani. Balbu ya rangi mbili tatu kwa ajili ya chumba kimoja haina ubaya. Kuijenga nyumba nzima juu yake ni kutaka kubadili tabia ya watu wote wanaoingia mlangoni.

Lipo pia suala la ampea, ambalo ni la usalama kabla ya kuwa la urahisi. Hita ya maji ya kilowati 3 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta ampea 13. Soketi nyingi za bei nafuu zina rilei ya ampea 10 ndani, hata kama maandishi ya nje yanasema 16. Ukiiunganishia hita, pasi au jiko la umeme, itapata joto, plastiki italainika, na mwisho wake unajulikana. Mizigo mikubwa kama hita, kiyoyozi na pampu ya maji ifungwe kwenye sakiti yake na breka yake, na ikiwa unataka iongozwe kwa kifaa janja, rilei iamuru kontakta, na kontakta ndiyo ibebe mzigo. Kazi hiyo si ya kijana wa dukani aliyekuuzia kifaa. Ni ya fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, naye ukimwita mwambie pia akague meni swichi na ethi ya nyumba nzima, kwa maana ghorofa nyingi zimeongezewa soketi juu ya soketi na wapangaji waliopita bila mtu kupiga hesabu.

Na umeme ukikatika, uangalie zaidi wakati wa kurudi. Kwanza, volti huweza kuruka, na kompyuta ndogo iliyo ndani ya kila kifaa hiki ni dhaifu kuliko mota ya feni. Kinga ya volti ya aina ile tunayowekea friji iwekwe pia kwenye ruta na kituo cha Zigbee, na ikiwezekana ifungwe moja kubwa kwenye meni swichi. Pili, vifaa janja vingi vina mpangilio unaoamua vitafanya nini umeme unaporudi: viwake, vibaki vimezimwa, au virudi vilivyokuwa. Balbu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuwaka. Umeme ukirudi saa tisa usiku, nyumba nzima inawaka na mtoto anaamka. Hilo ni kero tu. Soketi ya pasi au pampu inayojiwasha yenyewe wakati hakuna mtu nyumbani ni hatari. Fungua programu ya kila kifaa siku ile ile ya kukifunga, tafuta mpangilio huo, na kwa kila kitu chenye joto au mota chagua kibaki kimezimwa.

Pampu inastahili neno zaidi, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo nyumba janja ina faida ya kweli kwa mkazi wa Dar es Salaam. Maji ya DAWASA hayatoki wakati wote kila mahali, na ule uhaba wa mwishoni mwa 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na mgao kutangazwa, uliwafundisha wengi thamani ya tangi la chini na simtanki la juu. Anayekaa ghorofani husukuma maji kutoka tangi moja kwenda jingine, na akisahau, maji humwagika au pampu huzunguka kavu mpaka inaungua. Boya la umeme ndani ya kila tangi linazuia yote mawili bila intaneti na bila sauti. Juu ya boya hilo unaweza kuongeza kifaa kinachokutumia ujumbe kwamba tangi la chini limepungua. Lakini boya litangulie. Kuamuru pampu kwa sauti, huku hakuna kinachoizuia isizunguke kavu, ni kuongeza njia ya kuiunguza.

Wapo wanaosema nyumba janja inaokoa umeme. Hesabu ifanywe, maana vifaa hivi navyo vinakula LUKU. Swichi moja ya Wi-Fi hutumia karibu wati 1 ikiwa imekaa tu. Chukua kumi, ongeza spika ya wati 2 na ruta ya wati 8, unapata wati 20 mchana na usiku. Kwa siku 30 hizo ni uniti 14.4. Kwa mteja wa kundi la bei la T1, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, ni zaidi kidogo ya shilingi 4,200 kwa mwezi. Kwa familia iliyo kundi la D1 jambo ni zito zaidi, kwa kuwa pale uniti 75 za mwanzo hutozwa shilingi 100 na zinazozidi hutozwa shilingi 350, nazo uniti 14.4 ni karibu moja ya tano ya kiwango hicho. Familia iliyokuwa inatumia uniti 65 itavuka mpaka kwa sababu ya vifaa ilivyoambiwa vinabana matumizi. Kwa upande mwingine, kiyoyozi cha chumbani kinachovuta wastani wa wati 700, kikizimwa saa mbili mapema kila usiku kwa ratiba, kinaokoa uniti 42 kwa mwezi, karibu mara tatu ya zile zilizoliwa na vifaa vyote. Akiba hiyo imeletwa na ratiba, si na sauti. Kidude cha rimoti kinachotuma miale kama rimoti ya kiyoyozi, pamoja na ratiba moja iliyopangwa vizuri, kinatosha, na kama kiyoyozi chako kina saa yake ya kujizima basi hata kidude hicho hukihitaji.

Kwa mpangaji anayechangia LUKU na majirani, kifaa cha kwanza kabisa ningeshauri kiwe soketi inayopima uniti. Iwekwe kwenye friji wiki moja, kwenye feni wiki nyingine, kwenye televisheni wiki ya tatu. Ugomvi wa nani anamaliza umeme umevunja ujirani mwingi katika nyumba za vyumba vinavyotazamana ukumbini, na mara nyingi kila mtu anakisia. Namba zikiwepo, mchango unaweza kupangwa kwa haki. Hapo teknolojia inatatua tatizo lililokuwepo tayari.

Mtandao wa ndani nao una mambo yake Kariakoo. Vifaa vingi hivi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, na katika masafa hayo kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Jengo moja lenye maduka chini, stoo katikati na familia juu linaweza kuwa na ruta nyingi zinazogombania chaneli hizo tatu, zikipita kwenye kuta za zege. Pakua programu ya bure inayoonyesha Wi-Fi zilizo karibu, tazama chaneli ipi ina watu wachache, na uifunge ruta yako hapo badala ya kuiacha ichague. Kifaa kikigoma kuunganishwa mara ya kwanza, sababu ya kawaida ni kwamba simu yako iko kwenye gigahezi 5. Kamera usiziache zipeleke picha nje saa zote: kamera inayotuma megabiti 1 kwa sekunde hutumia gigabaiti 10.8 kwa siku, na hakuna bando la kawaida linaloistahimili. Iwe na kadi ya kumbukumbu na irekodi ndani.

Sasa tuje kwenye sauti yenyewe. Alexa na Siri hazina Kiswahili, na spika za nyumbani za Google hazipokei amri kwa Kiswahili, ingawa Google iliwezesha kuandika kwa sauti ya Kiswahili kwenye simu tangu Agosti 2017. Spika za Xiaomi zilizotengenezwa kwa soko la China, ambazo huweza kuonekana dukani kwa bei ya kuvutia, husikia Kichina peke yake. Uliza kabla ya kulipa. Atakayesema Kiingereza kinatosha azingatie utafiti wa Stanford uliochapishwa 2020: mifumo ya kutambua usemi ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft ilikosea kwa wastani asilimia 35 ya maneno ya Wamarekani weusi, ikilinganishwa na asilimia 19 kwa Wamarekani weupe. Hao ni watu waliozaliwa na Kiingereza. Lafudhi yetu haikuwemo hata kwenye kipimo. Na hata kama wewe unaeleweka, mama yako je? Dada anayeshinda nyumbani kutwa je? Nyumba inayomsikia mwenye Kiingereza peke yake inawapanga wakazi wake kwa madaraja, na wanaoachwa nje ndio wanaoitumia nyumba saa nyingi zaidi.

Dalili njema zipo. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa Mozilla ulipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya kukusanya sauti za Kiswahili, nazo sauti hizo ziko huru kutumiwa na yeyote. Whisper, mfumo wa kutambua usemi uliotolewa Septemba 2022, unakifahamu Kiswahili japo kwa makosa mengi, na Piper, programu huria ya kusoma kwa sauti ambayo huweza kufanya kazi na Home Assistant, ina sauti ya Kiswahili cha Kongo. Kijana mwenye ujuzi anaweza leo kuunda nyumba inayoelewa amri chache za Kiswahili bila intaneti. Bado ni kazi ya karakana, si bidhaa ya kununua. Ndiyo maana nasema sauti isubiri: aliyefunga rilei nzuri leo ataongeza Kiswahili kitakapokuwa tayari bila kubadili hata waya mmoja.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wale ambao sauti kwao si anasa. Asiyeona, aliyepooza, mzee ambaye magoti hayamruhusu kuinuka usiku: kwao kuwasha feni kwa kusema ni kurudishiwa sehemu ya uhuru. Hoja hii ni ya kweli na inastahili heshima. Lakini inaupa nguvu mpangilio huu. Mtu anayetegemea sauti ndiye atakayeumia zaidi siku intaneti itakapozimwa, kwa hiyo nyumba yake ndiyo inayohitaji zaidi vifaa vinavyoitika bila ng'ambo, betri ya akiba ya ruta na kituo, na njia ya pili isiyo ya sauti. Kitufe kidogo cha Zigbee kinachotumia betri, kilichobandikwa ukingoni mwa kitanda, huitika hata usiku ambao mkongo umekatika, na hakimdai mzee wa miaka themanini kutamka Kiingereza.

Kuna pia faragha, ambayo katika mitaa iliyobanana ina sura yake. Kelele za Kariakoo, vipaza sauti vinavyorudia bei mchana kutwa, honi za bodaboda, televisheni ya jirani ng'ambo ya ukuta, zinaweza kuiamsha spika bila kuitwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walionyesha 2020 kwamba spika huamka kwa mazungumzo ya filamu za televisheni, na zikiamka hurekodi. Tangu tarehe 28 Machi 2025 Amazon imeondoa chaguo lililowawezesha baadhi ya wateja kuzuia sauti zao zisipelekwe kwenye seva zake, na 2023 ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani katika shauri kuhusu kutunza rekodi za sauti za watoto. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake, lakini sheria hiyo haiwezi kuisaidia siri ambayo tayari imesharekodiwa nje ya nchi. Spika isikae chumba cha kulala wala karibu na dirisha la barabarani. Izimwe maikrofoni kwa kitufe chake wakati wa mazungumzo ya fedha, ya ndoa au ya ugonjwa. Mgeni na dada wa kazi waambiwe kwamba ipo, kwa maana sauti zao nazo ni mali yao. Na mlango, au geti la nondo, lisifunguliwe kwa sauti kabisa. Jirani anayepaza sauti dirishani asiwe na ufunguo wa nyumba yako.

Ukinunua, dai risiti ya EFD na kubaliana na muuzaji muda wa kurudisha kifaa. Kifaa kilichotumika hakikisha kimeondolewa kwenye akaunti ya mmiliki wa kwanza mbele ya macho yako, vinginevyo yeye ataendelea kukiamuru. Mpangaji asifunge ukutani kitu asichoweza kukifungua siku anahama, na kila kinachohusu nyaya kipate ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Na kabla ya yote hayo, kabla hujatoa hata shilingi kwa ajili ya spika, mwite fundi mwenye leseni azime meni swichi na afungue kisanduku kimoja cha swichi sebuleni kwako. Atakachokikuta humo ndicho kitakachoamua orodha yako ya manunuzi.